Kitabu Alichokikataa Hilda

Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, Otilia Ngonyani alibadili gauni mara mbili, na mara zote mbili mama yake alimwona.

"Unakwenda kuwaeleza watu habari za vitabu," Mama Kunegunda alisema bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa maharage, "au kuna sherehe ambayo mimi sijaambiwa?"

"Vitabu tu, mama."

"Vitabu havina macho. Gauni hilo la kijani ni la kuonwa na mtu."

Otilia alicheka, akajifanya anatafuta kitana ambacho kilikuwa mkononi mwake.

"Atakuja?" mama yake aliuliza.

"Nani?"

"Otilia, nimekuzaa mimi."

"Atakuja, mama. Huja kila mwaka."

"Na binti yake?"

Otilia alikwenda kusimama mlangoni, akatazama ua uliokuwa bado na unyevu wa mvua ya asubuhi. Hakujua kama Hilda angekuja. Tangu mwezi uliopita msichana yule hakuwa amekanyaga dukani, yeye ambaye zamani alikuwa akisoma kitabu njiani wakati wa kwenda nacho nyumbani, akiwagonga watu kwa bega.

"Mimi simchukii Pankrasi," Mama Kunegunda aliendelea, vidole vyake vikitoa mawe kwenye maharage. "Ana adabu. Anasalimia vizuri, halewi. Lakini ni mgane, mwanangu, na ana msichana mkubwa. Huko si kwa kwenda."

"Wewe unajuaje, mama?"

"Ninajua."

Kila mara mazungumzo yao yaliishia hapo. Mama yake alikuwa na maneno mengi juu ya kila jambo duniani, ila juu ya hilo alikuwa na neno moja tu.

Duka la Otilia lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, pale mtaa wa Mfaranyaki, kati ya fundi cherehani na mwanamke aliyeitwa Zabibu, muuza chapati. Zamani Otilia alikuwa karani katika chama kimoja cha ushirika. Wafanyakazi walipopunguzwa, wenzake wengi waligeukia mitumba, redio za kaseti na mafuta ya nywele, maana miaka ile kila mwenye chumba kinachotazama barabara alikigeuza duka. Yeye alinunua vitabu. Watu walimcheka. Aliagiza riwaya kutoka Dar es Salaam, zikaja kwa basi zimefungwa karatasi za kaki, akazipanga rafu mbili: ya watu wazima juu, ya vijana chini. Msomaji aliazima kwa malipo kidogo, akasoma, akarudisha. Mwaka wa kwanza ulipokwisha hakukuwa na mtu wa kumcheka tena, kwa kuwa wote walikuwa wanasoma.

Na kila Desemba alikuwa na desturi yake. Ilianza kama utani kati yake na Zabibu: katika vitabu vyote alivyovisoma mwaka ule, ni kipi kilichomshika roho zaidi? Kimoja cha watu wazima, kimoja cha vijana. Majirani waliposikia, walikuja na viti vyao. Sasa ilikuwa shughuli ya mtaa, yenye togwa na ubishi mwingi.

Pankrasi Haule alikuwa bwana shamba. Siku za kazi alizunguka na pikipiki upande wa Namtumbo, kwenye mashamba ya tumbaku na mahindi, na Jumamosi alirudi kwake Matogoro. Alipoingia dukani kwa mara ya kwanza, kofia ilikuwa mkononi na vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Alisimama mbele ya rafu kama mtu aliyepotea njia.

"Samahani dada. Msichana wa miaka kumi na mitatu anasoma nini?"

"Anapenda nini?"

Pankrasi aliigeuza kofia mkononi. "Sijui," alisema. "Mama yake ndiye aliyekuwa akijua."

Otilia alikuwa akikumbuka bado namna alivyolisema hilo, bila kuomba kuhurumiwa. Alimchagulia kitabu. Wiki iliyofuata alirudi na kitabu, akasema Hilda amekipenda, akataka kingine. Kisha, akiona haya, akaomba na cha kwake. Alikuwa msomaji wa polepole. Alikaa na riwaya moja wiki tatu, na aliporudi aliwazungumzia wahusika wake kana kwamba amekutana nao barabarani. "Yule kijana wa sura ya nne ana shida gani? Mbona hasemi kama anampenda?" aliuliza siku moja.

"Labda anaogopa," Otilia alimjibu.

"Anaogopa nini?"

"Kukataliwa."

Pankrasi alimtazama, akatazama kofia yake, akamtazama tena. "Basi ninamwelewa," alisema.

Ilimchukua mwaka mwingine mzima mpaka mwezi uliopita, wakitoka mazoezi ya kwaya, alipomsindikiza na katikati ya njia akasimama na kumwomba akubali kuolewa naye. Moyo wa Otilia ulikuwa na jibu kabla mdomo haujafunguka. Lakini alimfikiria mama yake, akamfikiria na Hilda, akaomba apewe muda mpaka Krismasi. Pankrasi alisema atasubiri. Wiki hiyohiyo Hilda aliacha kuja dukani.

*

Watu walijaa baraza hadi barabarani. Zabibu aliuzima moto wake mapema, akaja na mkeka. Mzee Jeremia, mwalimu mstaafu, alishika kiti cha mbele kama kawaida yake.

"Nauliza kabla hujaanza," alisema. "Kuna kifo mwishoni? Mimi kitabu chenye kifo mwishoni sikisomi wakati wa sikukuu."

"Hakuna, mwalimu."

"Endelea."

Pankrasi alikuwa amesimama nyuma kabisa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa bidii na bila ufundi. Macho yao yalikutana juu ya vichwa vya watu. Pankrasi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyashusha. Kisha Otilia akaona kilichomfurahisha zaidi ya lile shati: Hilda amekuja. Alikaa benchi la tatu, ameshikilia magoti, uso umefungwa kama dirisha wakati wa baridi.

Otilia alianza na cha watu wazima. Kiliitwa *Fundi Baiskeli wa Tunduru*. Aliwasimulia habari za mgane mmoja mtengeneza baiskeli, na mwanamke muuza samaki wakavu aliyekuwa akimletea baiskeli isiyo na ubovu wowote. Fundi aliijua kuwa nzima, lakini kila mara aliifungua na kuifunga tena, ili mwanamke akae kidogo pale kivulini. Watu walicheka. Aliwaeleza juu ya jembe la marehemu mke wa fundi, lililoachwa miaka yote nyuma ya mlango, na namna yule muuza samaki, siku ya kwanza kuamka ndani ya nyumba ile, alivyolichukua na kuuliza, "Asumini alikuwa akianzia wapi kulima?"

Zabibu alijifuta macho kwa ncha ya khanga bila kujificha.

"Hicho nakitaka leo," alisema. "Asinitangulie mtu."

Kisha Otilia alishika cha vijana. *Sabina Arudi Nyumbani.* Alisimulia juu ya msichana wa sekondari aliyefiwa na mama, ambaye baba yake alipooa tena alitorokea kwa shangazi yake Mbeya, akaishi huko kwa uchungu, na mwishowe akagundua kuwa yule mke mpya alikuwa akimlilia kila siku. Alifungua ukurasa wa mwisho, akausoma kwa sauti. Sabina anashuka kwenye basi. Mama wa kambo anamkimbilia, mikono imefunguka. Sabina anamwita, "Mama!"

Otilia hakukusudia kumtazama Hilda aliposoma neno hilo, lakini macho yalikwenda yenyewe.

"Hiki ndicho cha vijana mwaka huu," alisema, akafunga kitabu.

Watu walipiga makofi. Hilda alisimama.

"Naomba kusema."

"Sema, Hilda."

"Kitabu hicho nimekisoma, Dada Oti. Sikukipenda. Mama yake Sabina anakufa ukurasa wa kwanza. Baada ya hapo hatajwi hata jina. Nilikirudia chote nikilitafuta jina lake, nikidhani nimeruka mahali. Halimo. Watu wote wanamlaumu Sabina kwamba ana moyo mgumu, lakini hakuna hata mtu mmoja anayemuuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Mwisho anamwita yule mwingine mama, watu wanapika pilau, basi."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa.

"Na kile cha fundi baiskeli nacho nimekisoma."

Minong'ono ilipita. Kitabu kile kilikuwa cha rafu ya juu.

"Umekipata wapi?" Mzee Jeremia aliuliza.

"Chini ya mto wa baba."

Sasa walicheka wengi, na Pankrasi kule nyuma akaiva uso kama udongo wa Namtumbo. Hilda peke yake hakucheka.

"Kile ni cha kweli," alisema. "Marehemu ana jina. Asumini. Kila mtu anamtaja, hata yule mke mpya anamtaja. Sasa nauliza, Dada Oti. Kwa nini watu wazima umewachagulia kitabu kinachosema kweli, na sisi umetuchagulia cha kutubembeleza?"

"Hilda!" Pankrasi alipiga hatua mbele. "Kaa chini, mwanangu. Huo si ustaarabu."

"Mwache, Pankrasi," alisema Otilia.

Mbele za watu alikuwa akimwita Bwana Haule. Siku zote. Zabibu aliufunika uso kwa khanga, na Mzee Jeremia akageuka taratibu kumwangalia bwana shamba, kisha akamwangalia tena Otilia, kama mtu aliyepata ukurasa uliokuwa umepotea.

Otilia hakujali. Alikuwa amesimama na kitabu mikononi, akimwona Hilda kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Amekuwa mrefu. Kola ya gauni lake ilikuwa imeshonwa upya kwa mkono, kwa uzi usiofanana na kitambaa, kazi ya mtu ambaye hakuna aliyemfundisha kushona.

"Hilda amesema kweli," alisema mwishowe. "Nilikipenda kitabu hiki kwa sababu kilinipa nilichokuwa nakitaka mimi. Nilitaka kiwe rahisi namna hii. Mtu ashuke kwenye basi, nifungue mikono, yaishe. Sikukisoma kwa macho ya Sabina. Nilikisoma kwa macho yangu. Nisamehe, Hilda."

Msichana alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Neno lile lilimkuta mikono mitupu.

"Wewe ungewachagulia wenzako kipi?"

"Cha fundi baiskeli," Hilda alijibu polepole. "Tukisome wote."

"Kina mambo ya faragha?" Mzee Jeremia aliuliza kwa ukali wa darasani.

"Ukurasa mmoja tu, mwalimu."

Baraza zima lilipasuka kwa kicheko, na safari hii Hilda naye tabasamu lilimponyoka kidogo kabla hajalirudisha.

"Basi mwaka huu kitabu ni kimoja," alisema Otilia. "Wakubwa kwa vijana. Na Zabibu ndiye wa kwanza."

*

Mvua ilirudi watu walipokuwa bado wanamalizia togwa. Wakatawanyika wakikimbia, viti vichwani. Hilda aliokota mabakuli akayapeleka uani bila kutumwa, na Mama Kunegunda, aliyesikia kila kitu kutoka dirishani, akamwita jikoni aingie asilowe.

Otilia na Pankrasi walibaki barazani. Maji yalianguka kwenye bati kwa kishindo kiasi kwamba ilibidi wasimame karibu ili wasikilizane. Otilia alinusa sabuni kwenye shati la Pankrasi. Alitamani kuiweka sawa ile kola iliyopinda, akakunja vidole ili visimwaibishe.

"Nisamehe kwa ajili ya Hilda," alisema Pankrasi.

"Usimwombee msamaha. Hajakosa." Otilia alimgeukia. "Kuna nini nyumbani kwako, Pankrasi? Msichana yule hakuwa akizungumzia kitabu peke yake."

Pankrasi alikitazama kidimbwi kilichokuwa kikijaa mbele ya duka.

"Ni picha," alisema. "Picha ya Beata ilikuwa sebuleni, ukutani juu ya redio. Siku ile niliyozungumza nawe, nilipofika nyumbani niliishusha. Nikaifunga kwenye khanga, nikaiweka sandukuni."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili yako. Nilifikiri mwanamke hawezi kuingia nyumba ambayo mwanamke mwingine anamtazama kutoka ukutani. Nilitaka ukute pako wazi."

"Hilda alisema nini?"

"Hakusema. Alirudi kutoka shuleni, akauangalia ukuta, akaenda kupika. Tangu siku ile tunakula kimya." Sauti yake ilishuka. "Namtuma, anakwenda. Namuuliza, anajibu. Lakini hayupo, Otilia. Ninaishi na mtoto wangu na hayupo. Na mimi sikujua nianzie wapi, maana hata jina lile nikilitamka linanikaba hapa."

Aligusa koo. Otilia alimwona mtu mzima, mwenye mabega ya kubebea magunia ya mbolea, akishindwa na jina la herufi tano, na badala ya wivu aliokuwa akiuogopa, upendo wake ulizidi kumwelemea.

"Ningelalaje humo?" alimuuliza taratibu. "Kila siku ningeuona ukuta mtupu, nikijua nani alikuwepo na nani aliondolewa ili mimi nikae. Kesho kutwa nikifa mimi, nani atanishusha?"

"Usiseme hivyo."

"Nasema. Mimi ninakupenda, Pankrasi. Ulikuwa hujalisikia kwangu, basi lisikie leo. Lakini siji kwenye nyumba ambayo aliyeijenga amefungwa sandukuni."

Pankrasi aliunyosha mkono, akausimamisha karibu na wake bila kuushika.

"Nitaurudisha ukuta kama ulivyokuwa," alisema.

"Usimwamuru Hilda. Muulize."

"Twende tumuulize pamoja?"

Walikatiza ua wakikimbia, lakini mlangoni pa jiko Otilia alimzuia kwa kumshika mkono. Ndani, mama yake alikuwa akizungumza, kwa sauti ambayo Otilia hakuwahi kuisikia.

"...nilikuwa mdogo kuliko wewe. Baba alipooa, mama mpya alikataza jina la mama yangu lisitajwe nyumbani. Ukilitaja unanyimwa chakula. Basi nikawa nakwenda kulitaja kwenye mahindi, peke yangu, ili lisinipotee."

"Alikuwa akiitwa nani, bibi?" Hilda aliuliza.

"Otilia."

Mkono wa Otilia ulikaza kwenye mkono wa Pankrasi. Maji yalimchuruzika usoni na hakuyafuta. Aliingia.

"Mama. Uliniambia ni jina la sista aliyekusomesha katekisimu."

Mama Kunegunda aligeuka. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso wake umelainika kwa mwanga wa moto, na karibu naye Hilda alikuwa akimenya vitunguu kwa macho yaliyovimba, pengine kwa vitunguu, pengine la.

"Nilikuambia hivyo kwa sababu nilizoea kulificha," alisema. "Hata baba yako sikumweleza. Nilipokuzaa nilisema, sasa nitalitaja kila siku, kwa sauti, hadi majirani wachoke."

Otilia alipiga magoti, akamkumbatia. Mama yake alimpigapiga mgongoni kama mtoto mchanga.

"Mwanangu, sikiliza," alimwambia sikioni, lakini wote walisikia. "Ulifikiri naogopa utateswa kule. Sikuogopa hivyo. Niliogopa kwamba wewe ndiye utakayetesa. Yule mama aliyenilea hakuwa mtu mbaya siku ya kwanza. Alikuja na gauni zuri, alicheka na kila mtu. Aliharibika polepole, kwa wivu juu ya mtu aliyekwisha zikwa. Nikasema, mtoto wangu asiende kuharibika namna ile. Leo nimekusikia pale mbele. Umeambiwa ukweli na mtoto, mbele ya mtaa mzima, ukaupokea. Yule wangu asingeupokea."

Pankrasi alikuwa bado mlangoni, hajui aingie au abaki mvuani.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Ingia, unajaza maji jiko langu."

Aliingia akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Hilda," alianza. "Picha ya..." Ilimkwama. Alijaribu tena. "Picha ya Beata. Nilikosea kuishusha. Sikukuuliza. Ilikuwa ya kwetu sote wawili, nikaamua peke yangu."

Hilda alikiweka kisu chini.

"Nilifikiri umemsahau, baba."

"Nisingeweza."

"Mbona humtaji?"

"Nikimtaja nalia. Sikutaka uone nalia."

"Mimi nalia kila siku," alisema Hilda. "Ungekuja tukalia wote."

Pankrasi aliinamisha kichwa, na msichana, kwa mkono unaonuka vitunguu, akaligusa bega la shati lile jeupe. Mama Kunegunda aligeukia sufuria yake akaanza kukoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa.

Kisha Hilda akamtazama Otilia.

"Siwezi kukuita mama," alisema.

"Sijakuomba. Dada Oti linatosha."

"Na picha nitaitundika mwenyewe."

"Itundike."

"Na wewe uje uione kwanza, kabla hujaamua. Usije ukaamua halafu ukaiona ukakasirika."

"Nitakuja," alisema Otilia. "Mama naye akikubali, nitakuja naye."

"Mimi?" Mama Kunegunda alifunika sufuria. "Niende Matogoro na tope hili lote?" Kisha, baada ya kufikiri: "Huyo Beata alikuwa wa kwa nani?"

"Wa kwa kina Mbano, wa Peramiho," Hilda alimjibu.

"Ah! Basi nitakwenda. Mama yake namjua."

*

Walikwenda siku mbili baada ya Krismasi, asubuhi iliyokuwa na ukungu kwenye vilima na jua hafifu chini yake. Mama Kunegunda alivaa kitenge chake kipya, akabeba kuku. Otilia alivaa lile gauni la kijani, na safari hii hakuna aliyemuuliza la nini.

Nyumba ilikuwa ndogo na safi, na mbele yake migomba na kibustani cha mchicha. Pankrasi aliwapokea, Mama Kunegunda akakabidhi kuku, akaketi, akavua viatu vyenye tope. Ukutani juu ya redio picha ilikuwa mahali pake, imepinda kidogo upande wa kushoto, kwa kuwa aliyeipigilia msumari alikuwa na haraka.

Otilia alisogea karibu. Alikuwa ameogopa kukutana na mwanamke mzuri mno. Alikutana na mwanamke anayecheka, mwenye pengo mbele, aliyeshika mtoto mnono kwenye nyonga, na inaonekana mpiga picha alimwambia asitikisike naye akashindwa.

"Alikuwa anacheka nini?" aliuliza.

"Nilimkojolea," alisema Hilda. "Palepale. Mpiga picha akasema tuahirishe, mama akasema piga hivyohivyo, gauni litakauka, watoto hawakai wadogo."

Mama Kunegunda aliangua kicheko. Pankrasi naye alicheka, kisha akafumba macho kidogo, akayafumbua yakiwa na maji, na hakuinuka kwenda kuyaficha nje.

"Alikuwa hapendi vitabu," Hilda aliendelea, akivuta kigoda karibu na Otilia. "Alisema vinamaliza mafuta ya taa. Lakini alikuwa anajua hadithi. Moja ya sungura aliisimulia kila mara kwa mwisho tofauti, nikimwambia jana hukusema hivyo, anasema sungura naye amekua."

"Hiyo ya sungura kwenye mkutano wa maji?" Pankrasi aliuliza.

"Hapana baba, hiyo uliivuruga wewe. Yake ilianza na ndoa."

"Haikuanza na ndoa."

"Ilianza na ndoa! Subiri niisimulie."

Akaisimulia. Alisimama, akaigiza fisi, akaigiza sungura, akaigiza na mama yake alivyokuwa akimwigiza fisi, na chai ikapoa bila mtu kuigusa. Otilia alisikiliza kama alivyokuwa akisoma vile vitabu alivyovipenda, bila kutaka kurasa ziishe. Pankrasi alikuwa ameketi kando yake kwenye benchi. Aliinama sikioni pake, na pumzi yake ilikuwa ya moto.

"Krismasi imepita, Otilia," alinong'ona. "Na jibu langu?"

Otilia aliingiza mkono wake ndani ya kiganja cha Pankrasi, akaviunganisha vidole, akaviacha hapo, mbele ya macho ya mama yake na ya Beata aliye ukutani.

"Subiri," alimnong'oneza. "Hilda hajamaliza."